Makaroni ya Wanga Kidogo: Je, Pakiti Yasema Kweli?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndivyo wasemavyo wazee, na methali hiyo yafaa kukumbukwa kila mara mtu asimamapo dukani mbele ya vyakula vilivyofungwa katika karatasi za kupendeza. Siku hizi viko vyakula ambavyo sifa zilizoandikwa nje hupita chakula chenyewe kilichomo ndani. Kimoja cha namna hiyo ni makaroni yanayouzwa, hasa huko Marekani na Ulaya, kwa sifa kwamba yana wanga kidogo sana, hata mtu mwenye ugonjwa wa sukari aweza kuyala bila hofu.

Je, sifa hiyo ni ya kweli? Tumeona vema kulichunguza jambo hili kwa utaratibu, na sababu zetu ni mbili.

Ya kwanza ni afya. Ugonjwa wa sukari si ugonjwa wa matajiri wa mbali tena. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wazima milioni 537 ulimwenguni walikuwa nao, na kati yao milioni 24 walikaa katika nchi za Afrika zilizo kusini ya jangwa la Sahara. Katika parokia zetu nyingi wamo baba na mama walioambiwa na daktari wapunguze wanga, nao wanatafuta watakula nini.

Ya pili ni ukweli. Neno lililoandikwa juu ya chakula ni ushuhuda. Mwuzaji asema: mimi najua kilichomo humu, nawe uniamini. Basi ushuhuda huo waweza kuwa wa haki, au waweza kuwa wa uongo, na mara nyingine huwa katikati, nusu kweli na nusu giza. Hiyo ya tatu ndiyo iliyo ngumu kuitambua.

Makaroni hufanya nini mwilini

Tuanze na makaroni ya kawaida, kwa maana asiyejua kipimo cha kawaida hawezi kupima kilichopunguzwa. Makaroni mazuri hufanywa kwa ngano ngumu iliyosagwa na kukandwa kwa maji. Gramu 100 za makaroni makavu huwa na takriban gramu 75 za kile ambacho wataalamu hukiita kabohidrati, yaani wanga, sukari na nyuzinyuzi zikikusanywa chini ya jina moja. Sehemu kubwa kabisa ya hizo ni wanga.

Wanga ni mnyororo mrefu wa chembe za glukozi. Mate, na baadaye maji ya utumbo mwembamba, huukata mnyororo huo kipande kwa kipande, mpaka glukozi iingie katika damu. Mtu mzima wa afya hutoa insulini kutoka kongosho, nayo insulini huifungulia glukozi njia ya kuingia katika nyama ya mwili. Mwenye ugonjwa wa sukari ama hana insulini, ama anayo lakini haitoshi wala haifanyi kazi sawasawa. Kwa hiyo glukozi hubaki katika damu, na ikikaa humo kwa wingi miaka mingi huharibu macho, figo, mishipa ya moyo na miguu.

Nyuzinyuzi ni jambo jingine. Hizo ni sehemu za mmea ambazo utumbo mwembamba hauwezi kuzikata. Hupita mpaka utumbo mpana, na nyingine hupikwa huko na vijidudu. Haziingii katika damu kama glukozi. Kwa sababu hiyo ni haki kuzitoa katika hesabu, ila lazima ziwe nyuzinyuzi kweli.

Yafaa pia kuwatendea haki makaroni ya kawaida. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake huko Toronto, nchini Kanada, waliwaletea madaktari njia ya kupima jinsi kila chakula kinavyopandisha sukari ya damu. Kwa kipimo hicho makaroni ya ngano hupandisha sukari polepole kuliko mkate mweupe, ijapokuwa vyote viwili ni ngano. Sababu yake ni kwamba katika makaroni chembe za wanga zimezungukwa na wavu wa gluteni, yaani utomvu wa ngano, nao huwachelewesha wakataji wa tumboni. Lakini tushike neno hili: kuchelewesha si kuondoa. Mgeni anayechelewa kufika bado ni mgeni, naye atakula.

Hadithi hii si mpya

Wako wanaodhani kwamba chakula cha wanga kidogo ni uvumbuzi wa siku zetu. La, sivyo. Huko Paris daktari mmoja Mfaransa, Apollinaire Bouchardat, aliwaletea wagonjwa wa sukari mkate wa gluteni mwaka 1841. Alitambua kwamba wanga ndio unaowadhuru, basi akataka mkate ambao wanga wake umeoshwa na kuondolewa. Fikira yake ilikuwa njema, na kazi yake ilikuwa ya daktari anayewahurumia watu.

Lakini baada ya daktari alikuja mfanya biashara. Mwanzoni mwa karne ya 20 maduka ya Marekani yaliuza unga na biskuti nyingi zilizoitwa za gluteni, kwa bei kubwa, kwa ajili ya wenye sukari. Kituo cha utafiti wa kilimo cha jimbo la Connecticut kilichukua vyakula hivyo na kuvipima. Katika ripoti yake ya mwaka 1913 ilionekana kwamba vingi kati ya vile vilivyojisifu bado vilikuwa na wanga mwingi.

Tukumbuke mwaka huo. Insulini ilikuwa haijapatikana. Frederick Banting na Charles Best waliipata huko Toronto mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza, kijana wa miaka 14, alidungwa sindano yake Januari 1922. Kabla ya hapo mgonjwa hakuwa na silaha ila kujinyima chakula. Mtu aliyemwuzia wanga na kuuita si wanga alimnyang'anya silaha hiyo ya pekee.

Makaroni ya Dakota

Sasa tuje karibu na siku zetu. Mwaka 1972 daktari Mmarekani, Robert Atkins, alitoa kitabu kilichofundisha watu kupunguza unene kwa kuacha karibu wanga wote. Mafundisho yake yalilala na kuamka mara kadhaa, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 yaliwaka kama moto wa majani makavu. Watu wengi waliacha mkate na makaroni. Wenye viwanda vya unga walitetemeka, kila mmoja akatafuta bidhaa itakayokuwa na maneno "wanga kidogo" usoni pake.

Mwaka 2004 yalitokea madukani makaroni yaitwayo Dreamfields. Yalitengenezwa na kampuni ya Dakota Growers Pasta, iliyoanzishwa na wakulima wa ngano ngumu wa jimbo la North Dakota kama chama chao cha ushirika. Makaroni hayo yalifanana na makaroni mengine kwa rangi, na walaji walisema hata utamu ni uleule. Tena yalifanywa kwa ngano ileile. Ila ndani yake walitia inulini, ambayo ni namna ya nyuzinyuzi, na gluteni ya kuongeza, na gundi za mimea.

Wanafunzi watutazamie hesabu. Kipimo cha mlo mmoja huko Marekani ni gramu 56 za makaroni makavu. Katika kipimo hicho Dreamfields walikiri kwamba mna kabohidrati gramu 41, karibu sawa na makaroni ya kawaida. Katika hizo 41, gramu 5 walisema ni nyuzinyuzi. Zabaki 36. Kisha wakasema kwamba gramu 31 "zimelindwa": eti mchanganyiko wao wa nyuzinyuzi na gluteni huzifunika chembe za wanga hata zisikatwe katika utumbo mwembamba. Ukitoa 31 katika 36, zabaki 5. Na hiyo 5 ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa: gramu 5 tu za kabohidrati ziingiazo mwilini. Waliongeza kwamba makaroni yao hupandisha sukari ya damu kwa asilimia 65 chini ya makaroni mengine.

Twaona basi mahali penye fundo. Kutoa zile 5 za nyuzinyuzi ni haki. Lakini zile 31 hazikuondolewa katika unga. Zilikuwamo, ni wanga wa ngano kama wanga mwingine. Sifa yote ya pakiti ilitegemea neno moja, "zimelindwa", na neno hilo si la kupimwa kwa mizani ya duka. Hupimwa katika damu ya mtu aliyekula.

Damu ilijibu nini

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mgonjwa wa sukari wa leo ana kimashine kidogo mkononi. Hujichoma kidole, hutia tone la damu katika karatasi, na baada ya sekunde chache tu huona tarakimu. Wagonjwa wengi wa Marekani waliyala makaroni hayo wakajipima. Wako waliofurahi. Lakini wako wengine wengi walioeleza kwamba sukari yao ilipanda kama vile walivyozoea kwa makaroni ya kawaida, au kwamba ilichelewa kisha ikapanda vilevile.

Mwaka 2013 walaji waliishitaki kampuni hiyo mahakamani, katika jimbo la New Jersey, kwa niaba ya wote walionunua. Shitaka lao lilikuwa fupi: makaroni haya hayana tofauti na mengine ndani ya mwili, nasi tumelipa bei kubwa kwa ajili ya tofauti isiyokuwapo. Kampuni ilikana. Lakini mwaka 2014 ilikubali mapatano ya kiasi cha dola milioni 7.9, pamoja na gharama za mawakili, na wanunuzi wakarudishiwa karibu dola 2 kwa kila pakiti. Tena ilikubali kuondoa maneno yale ya wanga kidogo katika pakiti zake kwa muda wa mwaka mmoja angalau.

Tuseme kwa haki, maana hata mshitakiwa ana haki yake. Mapatano si hukumu. Kampuni haikukiri kosa, wala hakimu hakutangaza kwamba ilidanganya. Lakini mwenye akili hujiuliza: kama neno ni la kweli na laweza kuthibitishwa, kwa nini lifutwe katika pakiti?

Nani huumia

Mtu mwenye afya akidanganywa na makaroni, hasara yake ni fedha, na pengine kilo mbili tatu za unene. Mgonjwa sivyo. Tuonyeshe kwa mfano.

Tuchukue mgonjwa anayejidunga insulini, naye daktari amemfundisha kutumia uniti 1 kwa kila gramu 12 za wanga. Vipimo vya watu hutofautiana, huu ni mfano tu. Jioni ala sahani ya kushiba, yaani vipimo viwili vya pakiti. Akiiamini hesabu ya pakiti, amekula gramu 10, na insulini yake haifiki hata uniti 1. Lakini ikiwa ule ulinzi haukufanya kazi, mwili wake umepokea gramu 72, nao ulihitaji uniti 6. Usiku mzima sukari yake itakuwa juu, naye hajui kwa nini, kwa maana amefuata maandishi kwa uaminifu. Kesho atajilaumu mwenyewe, au atamlaumu daktari. Hatailaumu pakiti.

Na akifanya hivyo kila juma, mwaka baada ya mwaka, macho yake na figo zake ndizo zitakazolipa deni. Hii ndiyo sababu twasema kwamba uongo juu ya chakula cha mgonjwa si uongo mdogo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 huhesabu udanganyifu katika biashara kati ya makosa dhidi ya amri ya saba, iliyo amri ya kukataza wizi. Nasi twaongeza kwamba hapa amri ya nane na amri ya tano zimo mlangoni.

Makaroni mengine ya namna hii

Lakini tusiwachome wote kwa moto mmoja. Chini ya jina lile la wanga kidogo zimo bidhaa za namna mbalimbali, na ukweli wao si sawa.

Ya kwanza ni tambi za konyaku, ambazo Wajapani huziita shirataki. Hufanywa kwa mzizi wa mmea wa Asia. Karibu zote ni maji, na kilichobaki ni nyuzinyuzi ziitwazo glukomanani. Sifa yake ya wanga kidogo ni ya kweli kabisa, kwa sababu wanga haumo, wala hakuna haja ya kusema kwamba umelindwa. Lakini tambi hizo si chakula cha kumlisha mtu. Hazina nguvu, hazina protini. Kwa tajiri aliyeshiba kupita kiasi zaweza kufaa. Kwa mtoto anayekua, au mama anayenyonyesha, au mtu aliyekonda kwa ugonjwa, zingekuwa kama kumpa kivuli cha sahani.

Ya pili ni makaroni ya jamii ya maharagi: dengu, mbaazi za Ulaya, soya. Hapa mtu na asome tarakimu, asitazame picha. Kipimo kilekile cha gramu 56 cha makaroni ya dengu nyeupe chaweza kuwa na takriban gramu 35 za kabohidrati, penye 42 za makaroni ya ngano. Upungufu upo, lakini si wa ajabu. Faida yake kubwa ni protini na nyuzinyuzi. Makaroni ya soya tupu hushuka zaidi, huenda mpaka karibu gramu 20, na zaidi ya nusu yake ni nyuzinyuzi. Hayo husema kweli, ijapokuwa hayana ladha ya ngano, na bei yake ni ya juu.

Ya tatu ni makaroni ambayo unga wake umebadilishwa: wanga wa kawaida hupunguzwa, na mahali pake hutiwa gluteni, nyuzinyuzi, au wanga sugu, yaani wanga uliotengenezwa hivi kwamba utumbo mwembamba hauukati wote. Katika namna hii wapo wema na wapo wabaya, na nje hawatofautiani. Hao ndio ambao mgonjwa hapaswi kuwaamini kwa maandishi peke yake. Na awajaribu kwa damu yake kwanza.

Kanuni yatokea hapa yenyewe. Pakiti ikisema "wanga haumo", jambo hilo huweza kupimwa katika maabara yoyote. Pakiti ikisema "wanga umo lakini hautaingia mwilini", hapo ushahidi mkubwa zaidi wahitajika, na mzigo wa kuuleta ni wa mwuzaji.

Sheria yasemaje

Mtu atauliza: je, serikali hazizuii? Huko Marekani sheria ya mwaka 1990 iliwalazimisha wenye viwanda kuandika nyuma ya pakiti kiasi cha kabohidrati, na tarakimu hiyo ina maana iliyowekwa. Lakini maneno "wanga kidogo" na "kabohidrati halisi" yaliyo mbele ya pakiti hayajapewa maana katika sheria. Kila kampuni huyakata kwa kisu chake. Katika Umoja wa Ulaya kanuni namba 1924 ya mwaka 2006 hutaja orodha ya sifa ambazo chakula huruhusiwa kujisifu nazo, na "wanga kidogo" haimo katika orodha hiyo.

Liko jambo jingine linalotuhusu sisi moja kwa moja, kwa kuwa katika maduka ya Kongo twapata pakiti zilizotoka pande zote mbili. Katika pakiti ya Marekani, ile tarakimu ya kabohidrati zote imekusanya na nyuzinyuzi ndani yake. Katika pakiti ya Ulaya, ile tarakimu iliyoandikwa kwa Kifaransa "glucides" imekwisha kuacha nyuzinyuzi nje, nazo huandikwa mstari wa peke yake, "fibres alimentaires". Kwa hiyo anayesoma pakiti ya Marekani aweza kutoa nyuzinyuzi. Anayesoma pakiti ya Ulaya asizitoe tena, maana zimekwisha kutolewa. Akizitoa mara ya pili, amejidanganya mwenyewe bila kudanganywa na mtu. Tunawaomba wanafunzi wanaosoma Kifaransa vizuri wawaeleze wazazi wao jambo hili nyumbani. Hiyo ni huduma ya kweli ya mtoto kwa mzazi mgonjwa.

Tufanye nini sisi

Wengi wa wasomaji wetu hawataona kamwe makaroni ya Dakota wala tambi za Wajapani. Lakini ndugu zake watawaona: biskuti za wenye sukari, chai ya kushusha sukari, unga wa kuponya usioandikwa umetoka wapi. Wote husema kwa sauti ileile. Basi mashauri yetu ni haya.

Kwanza, geuza pakiti. Mbele huandika mwenye kutaka kuuza. Nyuma huandika mwenye kulazimishwa na sheria. Soma nyuma.

Pili, tazama kipimo cha mlo. Gramu 56 za makaroni makavu si sahani ya mkulima aliyerudi shambani. Ukila mara mbili, zidisha mara mbili.

Tatu, jipime. Mwenye kimashine na apime kabla ya kula, tena baada ya saa 1 na baada ya saa 2. Kwa makaroni apime na baadaye, kwa sababu huchelewa. Kwa watu wazima wengi madaktari hutaka tarakimu isipite 180 baada ya chakula, lakini kila mgonjwa afuate lengo alilopewa na daktari wake. Asiye na kimashine na aende zahanati, asione haya kuuliza.

Nne, mtu asiache dawa wala asipunguze insulini kwa sababu ya neno lililo juu ya pakiti. Kubadili dawa ni kazi ya daktari.

Tano, tusidharau vilivyo jikoni petu. Makaroni ya dengu yanasifiwa Ulaya kwa protini na nyuzinyuzi. Je, sufuria ya maharagi ya Kivu haina vitu hivyohivyo? Bukari ni wanga mwingi, uwe wa mahindi au wa muhogo, na kubadili unga hakuufanyi kuwa dawa. Lakini donge la bukari likiwa dogo, maharagi yakiongezwa, na sombe au lengalenga zikijaza nusu ya sahani, mgonjwa amepunguza wanga kwa njia isiyohitaji kuaminiwa. Ameona kwa macho yake kilichotolewa katika sahani. Hakuna aliyemwambia kwamba umo lakini umelindwa.

Neno la mwisho

Tumeuliza kama makaroni ya wanga kidogo hutimiza ahadi yake. Jibu letu ni kwamba mengine huitimiza, mengine huitimiza nusu, na yale yaliyokuwa mashuhuri kuliko yote yalilazimika kuinyamazia ahadi yake baada ya kushitakiwa. Tofauti kati yao haikuwa katika uzuri wa pakiti.

Vijana wetu wengi watakuwa wafanya biashara. Wengine watauza unga sokoni, wengine watafungua viwanda, wengine watatengeneza matangazo ya redio. Wakumbuke kwamba anayesimama upande wa pili wa meza ya duka mara nyingine ni mgonjwa, naye hana nguvu ya kuchunguza kila neno. Anaamini kwa sababu hana budi kuamini. Mkristu akiuza na aandike juu ya pakiti yake kile tu ambacho angethubutu kumwambia mama yake mwenyewe mgonjwa, mbele ya sahani, kabla hajatia tonge la kwanza kinywani.